Chupa Niliyoibeba Kutoka Tetu

Nilipaswa kuikataa ile chupa. Nilikuwa nimeketi sebuleni kwa muthoni wangu, huko Tetu, kikombe cha chai mkononi, na nilichotakiwa kusema ni maneno machache tu: hapana, hii siibebi. Badala yake niliipangusa kwa leso, nikabandika karatasi yenye nambari ya muthoni, nikaitia kwenye sanduku la barafu, kisha nikaomba niongezewe chai. Mkojo uliokuwa ndani haukuwa wake. Nilijua haukuwa wake. Yeye pia alijua, na mke wake, ambaye ndiye mwenye mkojo, alijua kutushinda sote wawili.

Muthoni, kwetu Wagikuyu, ni mtu mliyeunganishwa naye na ndoa. Huyu wangu alikuwa baba mzazi wa mke wa mwanangu. Muthoni ana heshima zake. Humwaibishi mbele ya watu wake, humkosoi nyumbani kwake, na akikuandalia chakula unakula hata kama umetoka kula kwingine. Wengi hukaa na athoni wao kwa kupimana maneno hadi wanazikwa. Sisi wawili tulianza hivyo hivyo, tukikohoa kohoa na kuulizana habari za mvua, lakini baada ya wajukuu kuzaliwa tuligundua kwamba kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake aanze mzaha. Tangu hapo hapakuwa na mtu niliyependa kuketi naye kuliko yeye.

Sasa nieleze jinsi mtu aliyepima kahawa maisha yake yote alivyokuja kuzunguka milimani akikusanya mikojo ya watu.

Muthoni wangu alijichoma mguu kwa kijiti alipokuwa akipogoa mikahawa. Alipaka mafuta ya kuchua, akafunga kitambaa, akarudi shambani. Baada ya siku chache mguu ulivimba, akawa anatetemeka huku akisema anasikia joto, halafu akamuuliza mke wake yeye ni nani na amekuja kutafuta nini katika nyumba ya watu. Mama yule aliniambia kwamba hapo ndipo alipoita gari. Uvimbe angeuvumilia, lakini kusahauliwa na mtu aliyemzalia watoto hakungevumilika.

Alilazwa Nyeri, katika wodi ya wagonjwa mahututi. Sisi jamaa tulipewa benchi nje ya mlango. Hapo ndipo nilipokutana na Daktari. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vya raba, anayetembea kana kwamba mvua iko karibu kunyesha na nguo ziko nje. Alitibu wagonjwa wa wodi ile na pia alikuwa mtafiti. Alikuja akachuchumaa mbele yetu ili asitusemeshe kutoka juu.

"Vidudu vimetoka kwenye kidonda vikaingia kwenye damu," alisema. "Mwili unapigana navyo kwa nguvu sana, mpaka unajiumiza wenyewe. Tunaita sepsis. Kilichoumia zaidi kwa mzee ni figo. Zimegoma."

"Zimegoma kama walimu?" nikamuuliza.

Aliniangalia vizuri, akanijibu akiniita babu kwa Kikuyu. "Kama walimu, Guka. Tunajitahidi zirudi kazini. Na hapo ndipo utafiti wangu ulipo. Zikisharudi, nataka kujua kama zinafundisha kweli au zinakaa tu ofisini zikinywa chai."

Tulielewa. Sijawahi kusikia mtu aliyesoma akieleza jambo kubwa namna ile bila kulifanya dogo. Alituambia kwamba wengi wanaotoka hai katika wodi ile huenda nyumbani wakionekana wazima, watu wakachinja mbuzi, kumbe figo zao zinaendelea kuharibika kimya kimya. Alitaka kuwafuata watu hao huko makwao, mwezi baada ya mwezi, ajue nani yuko hatarini na amtibu mapema.

Lakini kwanza muthoni wangu alihitaji kukojoa. Kando ya kitanda chake kulikuwa na mfuko, na kila saa muuguzi aliutazama. Nasi kwenye benchi hatukuwa na swali jingine. Muuguzi akitoka tu, mtu alikuwa akiuliza, "Sista, amekojoa?" Walimfunga kwenye mashine ya kusafisha damu, wakamfungua, wakamfunga tena. Siku ambayo mkojo ulionekana, kikundi cha maombi kutoka kanisani kwao kilikuwa kimetutembelea. Mzee wao wa kanisa alisimama, akavua kofia, akamshukuru Mungu kwa mkojo ule kwa sauti iliyofika hadi chumba cha eksirei. Sote tukaitika amina. Mwanamke mmoja wa familia nyingine, aliyekuja kumwona kaka yake, alikuja kutunong'oneza kama tungeweza kumwombea na wake.

Muthoni alirudi nyumbani akiwa amekonda kama ufito. Jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba amesikia nilimlilia. Nilikana. Akasema sawa, basi ni mtu mwingine mwenye pua kama yangu.

Katika siku zile za benchini, Daktari alikuwa ameona kwamba sipiti mtu pale hospitalini bila kumuuliza anatoka wapi na baba yake ni nani. Siku moja akaniita.

"Guka, wewe hufanyi kazi?"

"Nimestaafu."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa karani katika kiwanda cha kahawa. Nilikuwa napima kahawa ya watu."

"Watu walikuchukia?"

"Kiasi."

"Utanifaa," alisema.

Shida yake ilikuwa hii. Wagonjwa walipotoka walimwachia nambari za simu, na baada ya miezi michache nambari hazipatikani. Alipotuma vijana wenye mikoba, watu waliwadhania watu wa stima waliokuja kukata umeme, wakafunga mageti. Mimi nina nywele nyeupe na kofia. Nikisimama getini, mbwa hubweka lakini mtu hutoka.

Alinifunza kazi. Chupa ibaki imefungwa mpaka inapotumika. Karatasi ya nambari ibandikwe hapo hapo, usiseme utabandika baadaye. Sanduku la barafu lisikae juani. Na zaidi ya yote alitaka nijue ninachotafuta.

"Mkojo mzuri haunisaidii sana, Guka. Mimi natafuta ule mbaya. Ukiona una povu lisiloisha, au umekuwa kidogo na mweusi kama chai ya rangi, usimtishe mtu, lakini wewe moyoni furahi. Tumempata mapema. Huyo tunamwita, tunapima damu, tunaangalia presha, tunamwondolea dawa zinazochoma figo. Hasa hivi vidonge vya maumivu ambavyo watu wananunua kama peremende."

Nilikosea mapema. Nikiwa Kutus niliacha sanduku nje ya hoteli nikaingia kunywa chai, nikapatana na mtu tuliyesoma naye, na jua likageuka. Daktari alizimwaga chupa zote akanirudisha nyumba kwa nyumba. Watu walinitazama kana kwamba nimekuja kuomba mchango kwa arusi ambayo walishaichangia.

Lakini kwa jumla ilikuwa kazi ya furaha. Huko Mwea nilimkuta mkulima mmoja katikati ya mpunga, maji yamemfika magotini, akanipigia kelele kutoka mbali, "Ati umefuata mkojo? Mzee, nimesimama kwenye maji baridi tangu asubuhi! Hiyo kachupa yako haitatosha, lete debe!" Huko Kutus mama mmoja muuza nyanya hakutaka majirani wajue, basi alinifungia chupa kwenye mfuko chini ya nyanya mbovu, akaniambia kwa sauti ya soko zima, "Chukua nyanya zako, mzee, na usithubutu kuzirudisha." Nanyuki kulikuwa na mfanyabiashara wa mifugo, Mwislamu mwenye ndevu zilizopakwa hina, aliyelazwa kwa ugonjwa wa mapafu mpaka figo zake zikasimama kwa muda. Aliinua chupa akaitazama dhidi ya mwanga.

"Nimeuza mbuzi, nimeuza ng'ombe, nimeuza ngamia," alisema. "Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuja mpaka nyumbani kuulizia hii. Sasa wewe mwenyewe niambie, ni ya daraja gani?"

Nikamwambia nilizoea kupima kahawa na hata huko hatukuwa tukitoa daraja kabla ya kukausha. Alicheka mpaka akaita wanawe waje wanione. Mkojo wake ulikuwa na dalili. Aliitwa, akabadilishiwa dawa, na nilipomrudia aliniambia amekuwa akisumbua watu wote wa sokoni wapimwe.

Ilipofika zamu ya muthoni wangu, Daktari aliniuliza kama ningependa mtu mwingine aende, kwa kuwa ni nyumba ya mkwe. Nilisema hapana. Nilimwambia muthoni akitembelewa na mgeni ilhali mimi nipo, atadhani tumegombana. Nilisema hivyo na niliamini hivyo, lakini pia nilijua siku hiyo kutapikwa.

Ilikuwa katikati ya msimu wa kuchuma. Miti ya kahawa ilikuwa imeelemewa na watu wote walikuwa shambani. Mke wake alinipokea, akaniketisha kwenye kiti chenye kitambaa kilichofumwa, akanipa chai ya maziwa mazito ya ng'ombe wao. Nilipomwonyesha chupa na kumweleza, aliipokea kwa mikono miwili, akatoka. Alirudi baada ya muda akiwa ameifunga kwa kitambaa safi cha jikoni, akaiweka mezani karibu nami jinsi mtu anavyoweka asali.

Niliifungua kidogo kitambaani. Mkojo ulikuwa mwangavu, wa rangi ya majani makavu, hauna povu hata chembe.

"Huu ni mzuri sana," nilisema.

"Asante, muthoni," akasema, akainamisha kichwa.

Shukrani ile ingenifungua macho, lakini kulikuwa na harufu ya kuku kutoka jikoni. Muda si mrefu bwana mwenyewe akaingia kutoka shambani, akichechemea, mikono imejaa utomvu wa kahawa.

"Karani!" alisema. "Ulianza na kahawa, sasa uko kwenye mikojo. Ukizeeka zaidi ya hapo utapima nini?"

"Uongo wako."

"Kwa hiyo utaleta lori." Alinawa mikono, akajitupa kitini. "Haya, lete hiyo chupa niijaze kabla ya chakula. Nikishakula siamki."

Nilimtazama. Nikaitazama chupa. Mke wake aliinua macho akaanza kukagua dari.

"Nimeshapewa," nilisema.

"Umepewa na nani? Mimi ndio naingia."

Hapo mama akasema kwa haraka, kama mtu anayejitetea barazani, "Sasa nilikuwa nifanye nini? Mimi ndiye humwaga ile ndoo yake kila asubuhi. Iko na povu kama maji ya kufulia, tena ni kidogo, tena ni nyeusi. Muthoni atoke kwangu amebeba kitu kama hicho apeleke hospitali kwa watu wamesoma? Na jina letu limeandikwa juu? Nilitoa yangu. Hata kuku nimemchinja yule mkubwa."

Muthoni wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nilicheka. Sikuweza kujizuia, maana mama yule hakuwa na hila yoyote. Mgeni huja, unampa kilicho bora nyumbani, na alikuwa amepitisha macho katika nyumba nzima akaona kilicho bora ni chake. Alipoona tunacheka alicheka pia, huku amejifunika mdomo kwa leso.

Nilipopata pumzi nilisema, "Lakini Daktari anautafuta ule mbaya."

Kicheko cha muthoni kikaisha. Alimtuma mkewe jikoni, akasogeza kiti.

"Ukimpelekea ule wangu ataniita."

"Atakuita, ndiyo."

"Nikiitwa nitalazwa. Na hii kahawa nani atachuma? Imeiva yote pamoja."

"Watoto wako."

"Si kahawa tu, muthoni." Sauti ilikuwa imeshuka. "Unajua mimi nilimuuliza huyu mama yeye ni nani? Nakumbuka. Watu wanadhani sikumbuki. Nakumbuka nikimwangalia na nikimwogopa. Sitaki kurudi pale nilikuwa."

Nilimwambia kupimwa damu si kulazwa. Nilimwambia hayo ninayowaambia watu wote, ya figo zinazorudi kazini na kuketi tu. Alisikiliza. Kando ya redio kulikuwa na pakiti ya vidonge vya maumivu, imebakia nusu. Nikaviashiria.

"Hivi ni vya mguu tu," akasema, akavitia mfukoni. "Ukirudi mara nyingine nitakupa yangu mwenyewe, mbele yako ukitaka. Leo beba hiyo. Kama muthoni wangu."

Ningeweza kusema heshima ndiyo iliyonifunga. Ilinifunga kweli. Katika sebule ile ile ndimo nilimokuja na wazee wangu kumwombea mwanangu mke, na kuitoa chupa ya mama nje nikaimwage kungekuwa kumwambia kwamba amefanya ujinga. Lakini hiyo si sababu yote. Sababu nyingine ni kwamba nilikuwa nikifurahia alasiri ile. Kuku alikuwa anakuja, na mukimo wa viazi na mahindi, na muthoni wangu alikuwa hai mbele yangu akinitukana, na sikutaka niwe mimi wa kuiharibu. Ndipo nikaipangusa chupa.

Baada ya wiki moja hivi Daktari alinipita koridoni akarudi nyuma.

"Guka, yule mzee wa Tetu! Umeona majibu yake? Figo zake ni za msichana."

Nilikohoa.

"Anakula nini?"

"Mukimo," nilisema. Ndilo neno lililonijia.

Alicheka, akawaambia wenzake, na ofisi yao ikapata mzaha mpya. Kijana akisinzia kwenye kompyuta aliambiwa apelekwe Tetu akale mukimo. Kompyuta ikikwama, mukimo. Nami nilicheka nao, na kila nilipocheka ilikuwa vigumu zaidi kusema. Mlango wa Daktari haukuwa ukifungwa. Nilipita hapo mara nyingi nikiwa na neno mdomoni, nikaishia kuuliza kama kuna chupa mpya.

Nilikutana na muthoni kanisani siku ya kubatizwa kwa mjukuu wetu. Uso wake ulikuwa umejaa na macho yamekuwa madogo.

"Umenenepa," nilimwambia.

"Ni kuku wa yule mama. Tangu uondoke anadhani mimi pia ni mgeni."

Nilicheka, na hapo nilikuwa nimeshafundishwa kuhusu nyuso zinazovimba asubuhi figo zinaposhindwa. Nilikuwa nimewaeleza watu wa Kutus na wa Mwea kuhusu nyuso hizo, kwa maneno yangu mwenyewe, nikijisifu kwamba sasa naeleza karibu kama Daktari. Siku ile niliamua kwamba ni kuku.

Aliletwa hospitali kahawa ilipokuwa inaisha, akihema kama aliyepanda mlima, miguu imevimba hadi magotini. Tulirudi kwenye benchi lile lile. Daktari alimwona, akasoma nambari yake, akatoka akaja moja kwa moja kwangu.

"Guka, huyu ndiye mzee wa mukimo?"

"Ndiye."

"Sielewi. Figo zake zilikuwa nzima kabisa."

Nikamwambia. Sikupunguza kitu. Aliketi kwenye benchi kando yangu, na sijawahi kumwona ameketi.

"Chupa ilikuwa ya nani?"

"Ya mke wake."

Aliziba mdomo kwa mkono. Nilidhani analia, kumbe alikuwa anacheka, kicheko kile kinachomtoka mtu bila ruhusa. "Mgonjwa wangu aliyepona kuliko wote," alisema, "hajawahi kulazwa." Halafu kicheko kikakatika, akauliza muthoni alikuwa akimeza dawa gani. Nikamwambia na hizo.

Aliliandika jina la vidonge vile kiganjani.

"Siwezi kukuambia angepona," alisema. "Wengine tunawafuata vizuri na bado wanafika hapa. Lakini siku ile kulikuwa na kazi ya kufanya, Guka. Ningemwondolea hivyo vidonge. Ningeshusha presha. Kulikuwa na nafasi, nami nilikuwa hapa nikichekea mukimo."

Alisema kitu kingine ambacho sikukitegemea. Alisema chupa ile moja ingeweza kumfanya aandike kwamba mtu kama muthoni wangu, mwenye umri wake na ugonjwa wake, hana haja ya kufuatwa, na daktari wa mahali pengine angesoma akamwacha mtu mwingine nyumbani. Mimi nilikuwa nikidhani nimeificha siri ya nyumba moja. Alinishukuru kwa kazi, akaniambia sitabeba chupa tena. Hakupandisha sauti. Siku hizi wanaofuatiliwa hutembelewa na wauguzi, ambao hungojea nje ya mlango wa choo na hawali kitu. Bado hunisalimu tukikutana mjini, naye bado hutembea kwa haraka.

Figo za muthoni hazikurudi. Alianza kwenda kwenye mashine kila wiki, na kwa kuwa sasa sikuwa na kazi, mimi ndiye niliyempeleka. Nafurahi kusema kwamba tulicheka sana katika chumba kile. Aliiita mashine "huyu mkojoaji wangu", akawa anaisalimu akifika na kuiuliza kama imelala vizuri. Aliwasimulia wagonjwa wenzake habari za chupa ya mke wake, na kila alipoisimulia kuku alizidi kuwa mkubwa. Mke wake akiwapo aliinuka akatoka nje, na tulimsikia akicheka huko. Hakunilaumu hata mara moja. Nilipojaribu kuomba msamaha aliniambia nisimharibie saa zake za kupumzika.

Aliyeniuliza ni binti yake, mke wa mwanangu. Mama yake alikuwa amemweleza. Alikuja kwetu, akatusalimu, akapika, tukala. Alipokuwa akiosha vyombo aliniuliza bila kugeuka, "Baba, wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulikuwa umefundishwa."

"Ndiyo."

Alimaliza kuosha sufuria, akaifunika, akaaga. Tangu siku hiyo huniamkia kwa heshima zote na huleta watoto wakati wa Krismasi, lakini hajawahi kuketi tena kwenye stuli ile ya jikoni kunihadithia mambo ya shuleni anakofundisha. Simlaumu.

Muthoni wangu alifariki mwaka uliofuata, mvua ndefu zilipoanza. Moyo wake ulichoka kwa yale maji ambayo mashine haikuweza kuyatoa yote. Nimeulizwa na watu kama labda ingekuwa hivyo hivyo hata ningekataa, nami huwajibu kwamba labda. Daktari mwenyewe alisema hawezi kujua. Ninachojua ni kwamba alikuwa na nafasi ya kutibiwa mapema na mimi ndiye niliyemnyima, ili nisimwaibishe mke wake na ili nimalize kuku wangu kwa amani. Kukubali kwangu kulimpunguzia maisha yule mtu niliyempenda kuliko wote niliowahi kuketi nao, kukamwacha mama yule mjane, na binti yao hana imani nami tena.